Je, Wajua? Misemo Iliyopanda Jahazi na Ile Iliyodandia

JE, WAJUA kwamba mtu akikwambia biashara yake imekwenda mrama, hajakwambia kuwa imezama? Mrama ni ule mwendo wa chombo kulalia ubavu huu, kikainuka, kikalalia ubavu wa pili, mawimbi yakikipiga kutoka pembeni. Mlingoti unayumba huku na huku, mizigo isiyofungwa vizuri inahamia upande mmoja, na abiria wa mara ya kwanza wamekwisha kuinamia ukingoni wanatapika. Hata hivyo chombo kingali safarini. Methali ya "manahodha wengi, chombo huenda mrama" inasema hayo hayo: kila mmoja akiupindua usukani kwa akili yake, chombo hakishiki njia na mawimbi yanakikuta ubavuni. Siku hizi tukisikia mradi wa maji umekwenda mrama tunajua ndio umekufa. Baharia angetushangaa. Kwake yeye mrama ni kosa la usukani, na usukani unarekebishika.

Je, wajua kwamba serikali, tume na kamati zote huundwa kwa kitenzi cha mafundi wa vyombo? Nyumba ilijengwa, chungu kilifinyangwa, mkeka ulisukwa. Kilichoundwa kilikuwa hasa dau, mashua au jahazi. Kwa hiyo "ukiona vyaelea, vimeundwa" si maneno ya jumla kuhusu bidii. Yanamtaja fundi aliyelaza mkuku mchangani, akasimamisha mataruma, akapiga mbao moja moja, akazikalafati kwa pamba iliyolowa mafuta, kisha akapaka tumbo la chombo deheni ya chokaa na shahamu ili wadudu wa baharini wasilitoboe. Anayekiona kikielea haoni hata kimoja katika hivyo, kwani vyote viko chini ya maji au chini ya rangi. Ndiyo raha ya methali hii: fundi hodari ni yule ambaye kazi yake haionekani.

Kitenzi cha pili cha hapo hapo ufukweni, kushua, yaani kukiteremsha chombo kipya majini, hakikubahatika. Tunaunda tume kila mwaka, lakini hakuna aliyewahi kuishua.

Je, wajua kwamba mmoja wa miji ya kale kabisa ya pwani yetu kutajwa kwa jina katika maandishi ulipewa jina la vyombo vyake? Mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza, ule uitwao Periplus, unaitaja Rhapta na kueleza kwamba jina hilo limetokana na mashua zake za kushonwa. Mbao zilifungwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari. Ufundi huo haukufa upesi: mtepe, chombo cha kushonwa chenye tanga la mkeka, uliendelea kuonekana Lamu na visiwa vya jirani hadi karne ya ishirini.

Je, wajua kwamba kocha anapomvisha mchezaji kitambaa cha unahodha anampa cheo cha Kiajemi? Nahodha kwa asili yake ni bwana wa chombo. Rubani naye alikuwa mtu wa majini karne nyingi kabla ya kupewa ndege: ndiye aliyejua miamba, mikondo na nyota. Abiria ni mwenye kuabiri, kuvuka maji. Leo anavuka Ubungo kwa basi. Usukani umehamia kwenye gari. Na dira, kile chombo cha kuonyesha njia baharini, imepanda cheo kuliko wenzake wote, maana Tanzania imepanga maendeleo yake kwa Dira ya 2025 na sasa ya 2050, huko Dodoma ambako hata harufu ya chumvi haifiki.

Nikiwa bado kwa marubani: Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498 na akapewa rubani aliyemvusha hadi Calicut, India, mwezi uliofuata. Vitabu vingi vya shule vilitufundisha kwamba huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar kwenye Ghuba. Hadithi tamu, lakini haisimami. Jina la Ibn Majid liliingizwa na mwandishi wa Kiarabu wa karne ya kumi na sita ambaye hakuwapo safarini, wakati Wareno wenyewe waliandika habari za rubani wa Kigujarati. Kumbe hata watu hupandishwa vyombo ambavyo hawakuvipanda, sembuse maneno.

Je, wajua kwamba ligi ya soka inaweza kung'oa nanga Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka bahari iliyo karibu? Watangazaji na waandishi wa Kenya wameupenda msemo huu hadi umechakaa: mashindano yanang'oa nanga, mitihani inang'oa nanga, kampeni zinang'oa nanga. Ni wa baharini bila ubishi. Nanga ya jahazi ni chuma kizito chenye mikono inayojikita kwenye matope na mwamba, na kuitoa ni kazi ya wanaume kadhaa wakivuta kamba kwa wimbo. Inang'olewa kama jino. Lakini angalia jambo moja. Chombo kilichong'oa nanga na kisichotweka tanga hakiendi popote, kinachukuliwa na maji tu. Baadhi ya kampeni, nadhani, zimeuelewa msemo huu kuliko waandishi wake.

SASA TUWAKAMATE WADANDIAJI. Kwa sababu Waswahili ni watu wa pwani, kuna tabia ya kuona bahari katika kila msemo wenye maji, chumvi au chombo.

"Chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba." Hicho ni chungu cha jikoni. Hakina tanga.

"Maji yamezidi unga." Jikoni tena, mpishi wa ugali.

"Kutia chumvi." Jikoni mara ya tatu. Nimesikia mtu mzima akieleza kwa kujiamini kwamba msemo huu ulitoka kwa mabaharia waliorudi na hadithi za uongo. Maelezo yenyewe yalikuwa mfano mzuri wa kutia chumvi.

"Kwenda arijojo." Huu wengi wangeapa kuwa ni wa chombo kilichopotea. Waulize watoto wanaorusha tiara: uzi ukikatika, tiara inakwenda arijojo, inazunguka hewani bila mwenyewe na kuangukia mnazi wa jirani.

"Bendera hufuata upepo." Nusu kwa nusu. Neno bendera tumelipata kwa Wareno, waliokuja kwa merikebu, na bendera za vyombo zilipepea milingotini. Ila bendera ya ofisi ya kata nayo hufuata upepo, na pengine kwa utii zaidi.

Na Dar es Salaam? Wapo wanaoshikilia kwamba jina la mji ni Bandari ya Salama, likakatwa kwa uvivu wa ulimi. Bandari ni bandar. Neno lililo kwenye jina ni dar, yaani makazi au nyumba. Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga pale katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima, aliuita mji wake makazi ya amani. Bandari ilikuwapo, na ndiyo iliyomvuta, ila haimo kwenye jina. Anayetaka bahari ndani ya jina la mahali aende Mombasa, Kilindini, kwenye kilindi cha kweli.

Wachunguzi wa maneno ya Kiingereza wanaujua ugonjwa huu vizuri. Wamebuni kwa utani kamati ya siri ambayo kazi yake ni kupachika kila msemo asili ya baharini, na herufi za mwanzo za jina lake kwa Kiingereza zinasomeka "mtumbwi". Mwathirika wao maarufu ni neno posh, la kusifia vitu vya kitajiri. Husimuliwa kwamba zilikuwa herufi nne zilizogongwa kwenye tiketi za matajiri waliosafiri kwa meli kati ya Uingereza na India, kuwahakikishia chumba cha upande wa kivuli, kwenda na kurudi. Watu wamechakura makumbusho na masanduku ya babu zao. Tiketi yenye herufi hizo haijaonekana hata moja.

SOS nayo haifupishi maneno yoyote, si ya kuokoa roho wala ya kuokoa meli. Mkutano wa Berlin wa 1906 uliikubali kwa sababu kwa mlio wa Morse ni rahisi hata kwa mkono unaotetemeka: vifupi vitatu, virefu vitatu, vifupi vitatu. Maneno ya "okoeni roho zetu" yalibandikwa baadaye. Na ile "Mayday" inayoliliwa na manahodha katika filamu haikuzaliwa melini. Ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Frederick Mockford, mtu wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon, London. Ndege nyingi pale zilikuwa za kwenda na kutoka Paris, akachukua sauti ya Kifaransa ya "nisaidie".

TURUDI KWETU, kwenye msemo ninaoupenda kuliko yote. "Dau la mnyonge haliendi joshi." Ukiwauliza vijana, wengi watakwambia joshi ni kasi. Wamekaribia, lakini wameikosa picha. Joshi, au goshi kwa wengine, ni upande upepo unakotoka. Kwenda joshi ni kukilazimisha chombo kipande kuelekea kule kule upepo unakovuma, kadiri tanga litakavyokubali. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuukabili upepo uso kwa uso. Kinachowezekana ni kuuchukua kwa mshazari. Kwa kazi hiyo unahitaji tanga lililokatwa vizuri na lisilo na mashimo, demani, ile kamba ya kulivutia tanga nyuma, iwe imara na imekazwa barabara, na mwili wa chombo uingie majini vya kutosha usiteleze kando.

Sasa litazame dau la mnyonge. Tanga lina viraka vya magunia. Kamba imeungwa mafundo matatu. Mbao zinavuja, kwa hiyo mtu mmoja kati ya wawili waliomo hana nafasi ya kuvuta kamba, ameshika kata anafua maji. Analielekeza joshi, nalo linasogea ubavu kama kaa. Upepo ukiwa nyuma litakwenda kama la tajiri. Ni pale mambo yanapokuwa kinyume ndipo tofauti ya mali inapoonekana. Methali yenyewe ina mkia ambao siku hizi unaachwa, kwamba likienda joshi ni Mungu kupenda. Sijui somo la uchumi linalosema zaidi kwa maneno machache hivi.

Na chombo kinachopanda upepo kwa mshazari, mara kulia mara kushoto, mabaharia husema kinabisha. Upepo wa mbele ni pepo za mbisho. Mwenye kubishana nawe hakubaliani wala hanyamazi: anakwenda upande, anageuza, anarudi upande wa pili, na mwisho wa jioni amesogea hatua chache. Katika majahazi makubwa kugeuza ni shughuli nzito, kwa sababu foromali iliyobeba tanga lazima izungushwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Mabishano ya barazani hayana taabu hiyo, ndiyo maana hayaishi.

Je, wajua kwamba mtoto wa shule Kigali au Bujumbura anapoandika kaskazini na kusini kwa Kiswahili, anaandika majina ya pepo mbili za Bahari ya Hindi? Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kutoka upande wa Arabuni na India. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Upande inakotoka kaskazi ukawa kaskazini, inakotoka kusi ukawa kusini. Biashara yote ya tanga ilikaa juu ya kalenda hiyo. Majahazi ya Oman na Kuwait yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakapanda na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliisafiri njia hiyo katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, hadi Unguja na kwenye mikoko ya Rufiji. Boriti hizo ndizo zilizoezeka nyumba za Ghuba ambako miti ya ujenzi haikuwapo, na upana wa vyumba vingi kule ulipimwa na urefu wa mkoko wa Afrika Mashariki.

Kati ya zamu hizo mbili kuna majira ambayo upepo haujaamua, chombo kinaweza kwenda juu au chini. Yanaitwa tanga mbili. Ni jina zuri mno kwa vyama vya siasa wakati wa kuelekea uchaguzi, nashangaa halijatumika.

Na tanga limetuletea fumbo lingine. Je, wajua kwa nini tunakaa matanga? Ni rahisi kuwaza baharia aliyefariki na jahazi lililotua tanga kwa heshima yake. Picha hiyo inaliza, lakini haihitajiki. Edward Steere, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliliandika neno matanga kwa maana ya mikeka mikubwa na ya matanga ya chombo, na hapo hapo akaweka kukaa matanga. Matanga ya zamani yalisukwa kwa majani kama mikeka. Waombolezaji nao huketi na kulala mikekani siku kadhaa. Baharia na mfiwa, inavyoelekea, walikopa kwa msusi mmoja, na hakuna sababu ya kumfanya mmoja mtoto wa mwingine. Hata kitenzi cha kumaliza msiba, kuanua matanga, ni kile kile cha kuondoa nguo au mikeka iliyotandazwa juani.

Je, wajua kwamba sauti inaweza kukwama mchangani? Maji hujaa, maji hupwa. Mahali yanapopwa ndipo pwani. Nahodha aliyechelewa kuondoka hukuta chombo kimelala ubavu kwenye tope na maji yameshaondoka. Amepwelewa. Mwimbaji wa taarab aliyeimba hadi alfajiri akaamka asubuhi ana mkwaruzo tu, naye utasikia sauti imempwelea. Nimejaribu kutafuta neno lililo sahihi zaidi kwa koo kavu baada ya harusi, sijalipata.

Mwambao ni ndugu wa hapo jirani. Kuambaa ni kupita kando ya kitu bila kukigusa, kama chombo kinachofuata ufuko kwa tahadhari ya miamba. Jina hilo tulivu likaja kuwa la harakati za kisiasa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, za watu waliotaka ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja kwa mkataba, usiunganishwe na Kenya iliyokuwa inajiandaa kwa uhuru. Hawakufanikiwa, mwaka 1963 ukanda ukaingia Kenya.

Haraka haraka sasa. Mchumba aliyetoswa ametendewa lililotendewa shehena wakati wa dhoruba: chombo kimeelemewa, kitu lazima kitupwe baharini, na aliyechaguliwa ni yeye. Timu iliyoibuka mshindi imetoka chini ya maji kama mzamiaji, kwani kuibuka ndiko huko kutokeza juu. Wewe unayepakua wimbo kwenye simu unafanya kazi ya hamali wa bandarini na ya mama mwenye sufuria kwa wakati mmoja, maana shehena hupakuliwa na pilau hupakuliwa. Baharia wa mitaa ya Dar es Salaam, yaani kijana mjanja wa mjini, huenda hajui kuogelea. Mashua imepanda hadi Kongo na inasema Kiswahili cha huko kwenye mito na maziwa.

Na vyombo vya Wazungu vimetuachia vichekesho vyao. Meli ni neno la Kiingereza la barua na vifurushi vya posta, kwa kuwa stima zilizokuja kwa ratiba ndizo zilizoleta barua. Mpaka leo meli ya mafuta, isiyobeba hata bahasha moja, ni posta. Manowari ni maneno matatu ya Kiingereza yaliyoshonwa pamoja kama mtepe, jina la chombo cha vita, na Unguja ilikijua vizuri tarehe 27 Agosti 1896, manowari zilipolipiga kasri la Sultani katika vita vilivyokwisha kabla saa moja kutimia. Ama stima, meli ya moshi, Kenya imeishusha nchi kavu na kuipa kazi ya umeme. Taa zikizimika Nairobi watu husema stima zimepotea, na hakuna anayepiga simu Kilindini kuuliza kama zimeonekana.